Gaidi Muuza Chapati

"Yule mwanamke kwenye filamu alikuwa anauza mkate tu! Nani kakwambia ndiye aliyetega bomu?"

"Nnyabo, mama yangu, bila gaidi watu wanasinzia."

Waliogombana ni mama wa Kinubi anayeuza chapati mlangoni mwa banda letu la video, Kasubi, na mtafsiri anayetusimulia filamu kwa kipaza sauti. Filamu yenyewe ni ya wapelelezi waliotua nchi ya watu kusaka magaidi. Hata salamu za wenyeji hawakuzijua, ila kuvunja milango yao walijua. Mtafsiri wetu ni shujaa wa namna hiyohiyo. Kila mwanamke mwenye mtandio alipopita kwenye skrini, alipiga kelele, "Huyo! Huyo ana bomu!" Watu wakashangilia.

Mama huyu naye hujifunga mtandio. Tangu filamu hiyo ije, beseni lake linarudi nyumbani limejaa, na watoto wake wanakula chapati zilizokuwa ziwalipie shule. Mimi niliyeishia kidato cha pili najua mwisho wa safari hiyo.

Ugomvi ukiwa bado moto, askari wa mlangoni, ambaye chapati hizo ndizo zilizomnenepesha, alisimama mbali akaligusa beseni kwa ncha ya fimbo. "Fungua," alisema, huku akimtazama mtafsiri kana kwamba anangoja kusimuliwa kilichomo.

Mama alifunua kitambaa palepale mlangoni.

"Ni chapati," alimwambia mtafsiri. "Haya, litangaze na hilo kwa kipaza sauti chako."