Swali la Dirishani

Kabla ya kugusa tumbo la mgonjwa, tabibu husugua viganja mpaka vipate joto. Akifika kwenye habari za choo, hugeuka akatazama dirishani, maana mtu mzima akikodolewa macho huona haya kujibu.

Siku moja fundi cherehani alikuwa kitandani.

“Ni kiungulia tu, daktari. Labda hivi vidonge ninavyomeza kwa ajili ya mgongo.”

“Na choo, kaka, kina rangi gani?” tabibu aliliuliza dirisha.

Fundi alikohoa kidogo. “Cheusi kama lami. Leo siku ya tatu. Hata mke wangu hajui.”

Tabibu hakugeuka mpaka aliposikia mkanda wa suruali umefungwa.

“Hiyo ni damu, kaka. Kuna kidonda kinavuja tumboni. Unakwenda hospitali kubwa sasa hivi. Mkeo yuko hapo nje. Mwambie mwenyewe, mimi natafuta gari.”