Maji ya Maganda ya Nanasi

Juzi, sokoni katika mji wa Baraka, nilimwona mama mmoja akiwamiminia watoto wake maji ya maganda ya nanasi, na harufu ya tangawizi ikanirudisha uani kwetu.

Mama yangu aliyaloweka maganda chunguni pamoja na tangawizi mpaka yakatoa povu jembamba, kisha akayachuja kwa kitambaa. Mchana mmoja, enzi za ukoloni, polisi wa Wabelgiji aliingia bila hodi, akiwa ametoka kumwaga pombe ya jirani, kwa kuwa kutengeneza pombe nyumbani kulikatazwa. Aliinama juu ya chungu chetu, akanusa kwa muda mrefu. Nilidhani ana kiu, nikamkimbilia na kikombe changu. Akakisukuma.

“Hii iko pombe,” alimwambia mama. “Mwaga, ao tunaenda bureau ya polisi.”

“Iko ya batoto. Onja.”

“Sionji! Mwaga!”

Mama akakaa chini, akakibana chungu katikati ya miguu yake. “Batoto, mukuye munywe!”

Tukanywa, mimi na wadogo zangu wawili, polisi akitutazama kama anayengoja tuanguke.

“Sasa utufunge bote,” mama alisema. “Anza na huyu mudogo.”

Mdogo wetu akacheua kwa sauti kubwa. Polisi akatoka akitukana.

Leo najua gereza lilivyokuwa karibu na mama. Siku ile nilimhurumia tu yule mtu aliyeondoka na kiu yake. Mama hakumhurumia. Alinijazia kikombe, akanisukuma nje.

“Kunywa kule kwa njia. Polepole. Akigeuka, akuone.”