Gari Lililowaka Mbele ya Fundi Tu

Jamani, nimeona viburi vya watu, lakini gari linalomheshimu fundi na kumdharau mwenyewe, hilo sikuwahi kusikia.

Fundi akija, linawaka. Tena ufunguo mmoja tu, vruuum!

Fundi akiondoka, kesho yake baba anazungusha ufunguo, stata inalia weee mpaka betri inachoka. Haliwaki ng'o.

Si mara moja. Mara tatu.

Mimi ni msusi. Nipe kichwa chochote nitakisuka, ila ukinifungulia boneti naona utumbo mtupu. Sijui kipi kinaingia wapi.

Mwenye gari ni baba. Maisha yake yote alikuwa fundi wa mitambo kiwandani, mpaka akastaafu. Gari lenyewe ni la mbio, jekundu, viti viwili, limenizidi umri. Limelala chini kiasi kwamba ukishuka ni kama unatoka shimoni.

Alilipata likiwa mkebe wa kutu. Akalifufua nati kwa nati, miaka sita.

Mama alikuwa analiita "mke mwenzangu." Baba anajibu, "Huyu angalau haniulizi natoka wapi."

Sasa mwezi ule wenye magari ya zamani walipanga msafara wao wa Jumamosi. Safari hii baba ndiye aongoze, gari lake mbele ya yote. Alikuwa hasemi kingine. Koti lilishafuliwa na kupigwa pasi wiki mbili kabla.

Ndipo akanipigia simu. "Mwanangu, limegoma."

Nyuma ya saluni yangu kuna fundi wa umeme wa magari, tunamwita Cheche. Kijana wa maneno machache, mikono mirefu. Nikampigia mama kwamba tunakuja, tukaenda.

Cheche akakaa kwenye usukani. Akazungusha ufunguo.

Vruuum!

Akanitazama. Nikamtazama.

"Labda lilikuwa na baridi," akasema.

Kesho yake, limekufa. Nikapiga simu, tukarudi. Vruuum! Cheche akabadilisha plagi kwa kujiridhisha tu, akakaza nyaya.

Siku ya tatu, limekufa tena. Tukarudi. Vruuum!

Baba akawa mkali. Baba yangu, mtu asiyewahi kunipigia kelele hata nilipofeli mtihani, akasimama uwanjani akininyooshea kidole.

"Wewe na huyo fundi wako mnanichezea! Mnataka nionekane mwendawazimu!"

"Baba, mimi nakusaidia tu..."

"Huna msaada wowote!"

Halafu akaniita kwa jina la dada yake. Shangazi alishafariki siku nyingi. Nikajiambia ni hasira. Mtu akikasirika, ulimi unateleza.

Nilirudi saluni nikamsuka mteja upande hadi upande, nikagundua nimemsuka kombo. Nikafumua. Jirani yangu wa duka akanishauri nitafute mtu wa kuliombea lile gari, na wallahi, nilikuwa nimefika mahali pa kufikiria.

Jumamosi asubuhi Cheche akaja saluni, akasimama mlangoni.

"Dada, nimewaza sana. Lile gari halina ugonjwa. Kuna mtu analiua na kulifufua."

"Mtu gani? Pale wako wazee wangu wawili tu."

"Sijui. Ila leo usipige simu. Twende tu."

Tukaenda.

Baba alikuwa ndani anavaa. Cheche akafungua boneti, akaachia vibanio viwili, akainua kifuniko kimoja cheusi chenye nyaya nene. Akachungulia. Akashusha pumzi.

"Rota haipo."

"Rota ndiyo nini?"

"Kidude kidogo, kama kidole gumba. Kinazunguka humu kugawa moto kwenye plagi. Bila hicho, hata upige stata mwaka mzima. Na hakidondoki chenyewe, dada. Kinatolewa kwa mkono."

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kama mtoto aliyevunja sahani.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni. Akautoa. Kiganjani mwake palikuwa na kidude cheusi.

"Mama?"

"Mkija na fundi nakirudisha. Mkiondoka nakitoa."

"Nani alikufundisha?"

"Yeye mwenyewe. Zamani, wezi wa magari walipozidi mtaani. Alisema, mke wangu, ukitoa hiki tu, hakuna mwizi atakayeliwasha."

Cheche, kijana wa watu, akasema anakwenda kunawa mikono. Mikono yenyewe ilikuwa safi.

Nikataka kufoka. Siku zote zile nimetukanwa, nimefunga saluni, kumbe mchezo uko jikoni! Lakini mama akaanza kuongea, sauti ya chini, macho yakiwa kwenye dirisha la chumba cha baba.

"Mwezi uliopita alinipeleka sokoni. Mwendo wa dakika kumi. Akapita soko. Nikamwambia, mume wangu, tumepita. Hakujibu. Akaenda, akaenda, tukatoka mjini. Gari likashika upande usio wetu, lori linatupigia honi, mimi napiga kelele. Likatupita hivi, kioo chetu cha pembeni kikagusana na chake."

Akakifuta kile kidude kwa pindo la gauni.

"Akasimama kando ya barabara. Akanigeukia kwa adabu kabisa. Akaniuliza, 'Samahani mama, wewe ulisema nikushushe wapi?'"

Nikakaa kwenye tairi la akiba lililokuwa chini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungempeleka hospitali, wangempa ugonjwa jina. Nikaona bora gari liwe bovu, kuliko yeye."

Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Mlango ukafunguliwa. Baba akatoka, koti lake, viatu vinang'aa, nywele amechana mwenyewe. Alikuwa amependeza jamani.

"Tayari?"

Mama akafumba kiganja. Cheche, aliyekuwa amerudi, akanitazama mimi. Mama akanitazama mimi. Eti mimi, nisiyejua plagi wala betri, ndiye niamue.

"Limegoma, baba," nikasema.

Nilitegemea kelele. Hazikuja. Alisogea taratibu, akainamia injini kama daktari. Kifuniko kilikuwa bado wazi. Akapatazama pale palipokosekana kitu.

Akaweka kidole hapo hapo, katikati kabisa, mahali penyewe.

"Hapa," akasema, "hapa huwa kuna kitu."

"Kitu gani, baba?"

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akanitazama, akamtazama Cheche, kama mtu anayeomba akumbushwe neno. Jina la kitu alichokishika mara elfu halikuja.

Machozi yakamtoka. Mara ya kwanza maishani mwangu kuyaona.

Mama akamshika mkono, akamwingiza ndani. Msafara uliondoka bila yeye.

Jumatatu tulimpeleka hospitali. Daktari alitupa lile jina mama alilokuwa analikimbia. Akasema kuna dawa za kuchelewesha usahaulifu, za kurudisha kumbukumbu hakuna.

Siku hizi nakwenda kila asubuhi kabla ya kufungua saluni. Baba ananiambia, "Mwanangu, limegoma, tafuta fundi." Namjibu, "Nimeshamwita, baba, yuko njiani." Anatulia. Kesho tunaanza upya.

Ndugu yangu unayesoma, mzazi wako akianza kukukasirikia kwa kitu kidogo, usikimbilie kutengeneza kile kitu. Kaa chini na yule anayelala naye chumba kimoja, umuulize nini kinaendelea, na umpe nafasi ya kujibu. Mimi niliita fundi mara tatu. Mama sikumuuliza hata mara moja.