Nilimfukuza Nesi wa Mwanangu kwa Wivu

Kosa ni langu, sitafuti wa kugawana naye.

Naishi kijiji kimoja huku Kishapu. Binti yangu Nyamizi alizaliwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu, na aliyekuwa akituhangaikia ni nesi mmoja aliyepita na pikipiki nyumba kwa nyumba kuwaangalia watoto wenye magonjwa ya kudumu. Alileta dawa, akampapasa tumbo kuangalia bandama, akanisisitiza nimnyweshe maji. Nyamizi alikuwa anampenda jamani.

Mume wangu anachimba dhahabu Bulyanhulu, nyumbani anakuja mara chache. Siku moja nikashika simu yake, nikakuta anampigia yule nesi kila mara. Sikuuliza. Nikaenda mashine ya kusaga, nikawaambia wenzangu nesi anatembea na waume za watu. Nikaongeza na mengine niliyoyatunga palepale.

Maneno yakasambaa. Nesi akaitwa ofisi ya kijiji kujieleza, akina mama wakawa wanamfungia milango, mwisho akaomba uhamisho. Alikuja kuniaga.

"Mama Nyamizi, mimi na baba yake tulikuwa tunaongea habari za mtoto tu. Alikuwa ananiuliza kama atakua."

Nikaendelea kufagia uwanja.

"Akilalamika kichwa, au mdomo ukienda upande, usikae naye nyumbani. Mkimbize hospitali."

Hata kiti sikumpa.

Hakuletwa mwingine. Dawa zilipoisha sikufuata nyingine. Hospitali ni mbali, na mtoto alikuwa anacheza vizuri tu. Asubuhi moja akaniambia kichwa kinauma. Nikampa kidonge cha maumivu, nikaenda kuchuma pamba. Niliporudi nilimkuta chini mlangoni, mdomo umepinda, mkono wa kulia haunyanyuki.

Sasa hasemi. Nikimlisha ananiangalia tu. Daktari ameniambia nisitegemee zaidi ya hapo. Baba yake nilimweleza ukweli wote. Anatuma matumizi, lakini mwenyewe hajakanyaga nyumbani tena.

Kinachonimaliza ni jirani yangu, Mama Doto. Mwanawe alikuwa na ugonjwa huohuo, naye nesi alikuwa akimhudumia. Mtoto huyo tulimzika masika haya. Mama Doto akija kukaa na mimi husema, "Yule malaya alitutelekeza na watoto wetu."

Nami naitikia, "Ndiyo, dada."

Wewe unayesoma, ukiwa na shaka na mumeo, muulize mumeo. Mwache nesi afanye kazi yake, maana akiondoka haondoki kwako peke yako. Mimi nimechelewa. Mama Doto atakuja tena kesho, na najijua, nitaitikia vilevile.