Kibuyu Kilichowapita Wakaguzi

Mjukuu wangu yuko chuo kikuu, anasomea filamu. Nilipoambiwa mara ya kwanza niliuliza: kumbe filamu nazo zinasomewa? Mimi niliishia darasa la nne. Filamu nilijua unakaa, unatazama, unaondoka. Lakini yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kukanyaga chuo kikuu, na hata angesomea kupaka kuku rangi ningemtangaza jengo zima. Na jengo letu hapa Thorncliffe Park, Toronto, lina watu wengi kuliko kijiji nilichozaliwa, nje kidogo ya Muheza, kwa hiyo kutangaza si kazi ndogo.

Jumapili moja ya Februari, alasiri, akaunganisha kompyuta yake na televisheni ya sebuleni. Baba yake, yaani mkwe wangu, alikuwa kwenye kochi na chai yake. Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha dirishani, khanga kichwani, maana mkwe akiwapo sikai ovyo.

"Bibi, naomba unisaidie," akasema. Mtoto huyu namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, tunafika hivyohivyo. Maneno yake nitayaandika kwa Kiswahili tusichoshane.

Akanieleza kwamba zamani huko Hollywood walikuwa na kitabu cha masharti. Wakaguzi wanasoma hadithi kabla haijapigwa picha, na filamu ikiisha wanaitazama tena. Busu likirefuka, kata. Tusi, futa. Mhalifu lazima aadhibiwe. Mume na mke walale vitanda viwili. Nilitaka kuuliza watoto walipatikanaje, nikamkumbuka mkwe, nikameza.

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Huyu ni mke mwenzangu, tuligombania babu yake mpaka mzee wa watu akafa, na tukiwa wawili hakuna neno lisilosemwa. Lakini mkwe ni mkwe. Mbele yake hata nikiumwa tumbo nasema naumwa kichwa.

Basi, filamu. Haina rangi. Mzungu kofia pana, bunduki begani, mwanamke wake kando, na nyuma yao wapagazi wa kwetu kabisa, kwa sababu kipande kile kilipigwa Afrika Mashariki. Mzungu ana kiu. Mpagazi mmoja mzee, mbavu zote nje, anamletea kibuyu cha maji, anainama kwa adabu, anasema maneno. Mzungu anakunywa, anafuta mdomo, anatabasamu kama aliyeombewa dua.

"Hapo, Bibi. Anasema nini? Sauti inakwaruza, na chini hawakuandika kitu."

Mimi nilisikia kila herufi. Alisema: "Kunywa, mwanaharamu we. Nimetabawali humo."

Kutabawali ni kukojoa. Ndivyo mwalimu wetu wa Kurani alivyotufundisha kusema, tusilitaje lile jingine. Hapa Toronto sijalisikia kwa mtu, na mjukuu wangu hajalisikia kwangu. Wakaguzi wale walikuwa wanapima busu kwa saa, na mzee akapita na tusi lake mbele ya macho yao, ameinamisha kichwa.

Mkwe wangu akaanza kukohoa ndani ya kikombe. Mtu wa Morogoro, Kiswahili hakimpiti.

"Anasema, kunywa bwana, maji ya baridi haya," nikajibu.

"Baba?"

"Kama alivyosema mama. Maji ya baridi." Akainuka na kikombe chake akaenda jikoni, na kikombe bado kimejaa.

Mjukuu akaandika mbio. Alhamisi alitakiwa kusimama mbele ya darasa na mwalimu wake kueleza filamu ile. "Nimeipata, Bibi! Nitasema katika filamu nzima mtu mwenye upole ni huyu mzee peke yake. Na darasani kuna dada mmoja wa Mombasa, atafurahi kusikia Kiswahili."

Wa Mombasa! Angekuwa wa kwingine ningejipa moyo. Wa Mombasa atalijua neno lile kabla mzee hajafunga mdomo. Nikaona mtoto wangu amesimama mbele ya watu anasifu upole, na mwenzake nyuma anaanguka na kiti kwa kicheko.

Jumatatu niliunguza chapati. Jumanne nilikunja nguo, nikazikunjua, nikazikunja tena. Nikashuka chini nikapanda juu bila haja yoyote, mpaka mlinzi wa mlangoni akaniuliza kama nimepoteza kitu. Kumwambia mjukuu ilikuwa jambo la dakika moja, ila dakika yenyewe haikupatikana. Mkwe alikuwa likizo wiki ile, ametulia kwenye kochi kama mto. Simu? Nyumba ya vyumba viwili, hata nikimenya karanga anasikia.

Nilikumbuka sinema ya Tanga nilipokuwa msichana. Watu wawili kwenye pazia wanasogeza midomo, tunashika pumzi, ghafla picha inaruka, mwanamume yuko juu ya farasi! Walikuwa wamekata. Ukumbi mzima unapiga kelele, "Rudisha! Rudisha!" na mimi napiga kuliko wote. Leo mwenye mkasi ni mimi, na niliyemkatia ni damu yangu.

Jumatano alasiri mjukuu akabeba kapu la nguo kwenda kwenye mashine za kufulia chini.

"Nakuja nawe," nikasema.

"Bibi, magoti yako."

"Magoti ni yangu."

Ndani ya lifti tulikuta mama mwenye kigari cha mtoto na mzee mmoja wa Kihindi, kofia ya sufu mpaka nyusi. Nikaona salama, nani ataelewa? Milango ilipojifunga tu nikamwaga.

"Mke mwenzangu, nilikudanganya. Yule mzee hakusema maji ya baridi. Alisema, kunywa, mwanaharamu we, nimetabawali humo. Kakojoa ndani ya kibuyu!"

Yule mama wa kigari akatutabasamia, tabasamu lilelile la mzungu wa kofia pana.

Mjukuu alinitumbulia macho. "Ulinidanganya? Na Baba naye?"

"Baba yako alikuwa amekaa pale. Ulitaka nimtajie mkojo mkwe wangu?"

"Nimeandika kurasa sita za upole, Bibi! Ningesimama kesho kama mjinga!" Machozi yalikuwa karibu, nikatamani lifti ikatike kamba. Halafu akasema neno lililonichoma zaidi: "Sasa nitajuaje lipi la kweli?"

Hapo mabega ya mzee wa kofia yakaanza kutikisika. "Kutabawali!" akasema, kama mtu aliyeokota pipi ya utotoni mfukoni. "Mama, mimi mzaliwa wa Tanga. Neno hilo sijalisikia tangu niondoke. Filamu gani hiyo, nami nisikie?"

Nilitaka kuingia ndani ya kapu la nguo. Lakini mjukuu akabonyeza orofa yetu, tukarudi juu sote watatu, nguo hazijafuliwa.

Mkwe alipoona mgeni akainuka, na filamu ilipowashwa akashika koti. "Naenda kununua maziwa."

"Maziwa yapo, baba. Kaa," nikamwambia.

Kibuyu kikaja, mzee wa filamu akainama, akasema. Mgeni wetu akapiga goti lake. "Ndiyo! Wazi kabisa!"

Mjukuu hakumtazama mgeni. Alinielekezea simu yake. "Sema wewe, Bibi. Nikurekodi. Kesho nataka darasa lisikie kutoka kwako."

Nikavuta khanga mpaka puani. Nikamtazama mkwe wangu, miaka ishirini na miwili ya heshima, nikalisema lote, mwanaharamu na kutabawali kwake, bila kuruka herufi. Mkwe akatazama zulia, akasema polepole, "Ndivyo. Mimi pia nilisikia."

Alhamisi sikukaa kitako mpaka simu ilipolia. Dada wa Mombasa, mjukuu akanihadithia, alicheka mara tu mzee wa kibuyu alipofungua mdomo, hakungoja hata sauti yangu. Mwalimu aliomba irudiwe mara tatu. Jengo zima linajua, nimetangaza mwenyewe.

Mkwe wangu tunaheshimiana kama zamani. Ila nikimpelekea glasi ya maji, anaitazama kwanza.