Samaki wa Miezi ya Kulala Ubavu

Daktari aliniambia nilale. Kutembea, mwisho chooni na bafuni. Nisiiname, nisipande bodaboda, nisiinue hata dumu la lita tano. Mimba ilikuwa na miezi minne, na ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka kabla ya mwezi wa sita, kwa hiyo safari hii walinishona mlango wa kizazi ili mtoto akae mahali pake. Nikatoka hospitali na mshono ndani na karatasi ya masharti mkononi.

Kazi yangu ilikuwa kukata tiketi stendi ya Same. Miaka minane nilikuwa mtu wa kusimama juani, kukimbilia basi kabla halijasimama, kubishana na makondakta. Sasa nikawa mtu wa kulala ubavu wa kushoto, nyumba ya vyumba viwili, dakika kumi kutoka stendi ileile. Honi zilinifikia kitandani. Niliyajua mabasi kwa honi zake, na kila moja lilipopita nilijikuta nimekaza miguu kama mtu anayetaka kuruka. Upepo wa Same ulipiga bati kutwa. Nilihesabu mbao za dari, nikamaliza, nikaanza tena.

Mume wangu, mtu wa Tabora, alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mkonge. Alirudi Jumamosi na kuondoka Jumapili. Mama yangu ndiye aliyeshuka kutoka Vudee na mfuko wa maharage na ndizi za kupika, akaweka godoro lake sebuleni. Hakuwa mwongeaji. Alipika makande, akafua, akasali, na kila alipoingia chumbani alitazama kwanza shuka, halafu uso wangu.

Nilishinda kwenye simu nikisoma habari za mimba zilizoharibika, mpaka mama akaipokonya. Aliponirudishia nikaapa kutosoma tena mambo hayo. Hapo ndipo nilipokutana na video ya samaki mmoja wa mapambo, wa aina iitwayo beta, peke yake kwenye maji, mapezi kama kitenge kinachopeperushwa na upepo. Nilipotazama saa nikakuta nusu saa nzima imepita na sijawaza damu hata mara moja. Nikampigia dada yangu aliyeko Moshi.

"Unataka samaki?" akauliza. "Wa kukaanga?"

"Wa kutazama."

Alicheka, lakini Jumamosi yake ya mapumziko alienda kwenye duka la samaki wa mapambo na kunipigia simu ya video. Beta walikuwa wamepangwa kwenye rafu, kila mmoja kwenye kikombe chake cha plastiki, kwa sababu madume wakiwekwa pamoja wanararuana. Nilimwona mmoja wa buluu, mkia mrefu kama gauni la bibi harusi. Moyo wangu ukaenda pale pale.

"Huyo huyo," nikasema.

"Mbona hachezi?" dada akauliza. Samaki alikuwa amelala chini kabisa kikombeni, mapezi ameyabana mwilini.

"Kapumzika tu, dada," sauti ya muuzaji ikasikika.

Dada akapitisha kidole mbele ya kikombe, kushoto, kulia. Hakuna kitu. Akasogeza simu karibu, nikaona vidoadoa vyeupe mgongoni, kama amenyunyiziwa chumvi. Nilikuwa nimelala kwa amri, na sikuwa na nguvu ya kununua kiumbe kingine cha kulala. "Mwache," nikasema. "Nitembeze wote. Pitisha kidole kila kikombe."

Tulipita vikombe kumi na kitu. Mmoja tumbo limevimba. Mmoja jicho lina ukungu. Mmoja maji yake machafu kiasi kwamba hata rangi haikuonekana. Kisha dada akafika kwa mmoja wa mkia mfupi, wala hakuwa mzuri sana, na kabla kidole hakijatulia samaki akaja mbio, akafutua mashavu na kutandaza mapezi yote, hakuna lililochanika. Alikuwa anataka ugomvi na kidole cha dada yangu.

"Huyu ana gubu," dada akasema.

"Mwambie muuzaji amtupie chakula nione."

Alikula kabla punje haijazama. Kilichonisumbua ni rangi yake: damu ya mzee. Kwa hali yangu, rangi hiyo sikuitaka ndani ya nyumba. Halafu nikasema, "Mlete."

Kondakta mmoja tuliyezoeana akamleta siku hiyohiyo, kwenye mfuko wa nailoni uliojazwa hewa, ndani ya ndoo ndogo aliyoibana katikati ya miguu yake. Mwenzangu wa stendi akamfikisha nyumbani. Mama akainua mfuko kwenye mwanga wa dirisha.

"Samaki wa kutazamwa tu?"

"Ndiyo, mama."

"Haya." Akauweka mezani na kurudi jikoni.

Muuzaji alisema chupa ya kioo inatosha. Haikutosha. Nilimweka kwenye chupa kubwa ya achari, na kwa siku tatu samaki alizunguka, akageuka, akazunguka, akijigonga pua kwenye kioo. Kumtazama kulinipandisha presha. Tulikuwa wawili sasa tusiotulia. Nikajiunga na kundi la simu la wafugaji wa samaki wa mapambo, na baba mmoja wa Tanga akaniandikia bila kunibembeleza: "Mama, humo umemfunga jela. Mpe lita ishirini, na usimwekee maji ya bomba yakiwa mabichi."

Jumapili iliyofuata mume wangu akaenda kwa fundi wa vioo vya madirisha, akarudi na sanduku la vioo lililounganishwa kwa gundi ya silikoni. Mama akalisuuza na kulianika siku kadhaa mpaka harufu ya gundi ikaisha. Maji ya bomba tuliyaacha kwenye ndoo wazi siku nzima ili dawa itoke, na mama akachuma majani ya majini kwenye mfereji wa shamba la mtu anayefahamiana naye kanisani. Jumamosi tulipomhamisha, tulimrudisha kwanza kwenye mfuko na kuuacha uelee juu ya maji mapya, ili asishtuke kwa baridi au joto. Mume wangu alikaa kwenye ukingo wa kitanda akimtazama samaki akikagua pembe zote nne.

"Na huyu ana masharti kukuzidi," akasema.

Nilipanga sheria: punje mbili asubuhi, mbili jioni, na robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Kwa kuwa sikuruhusiwa kubeba, kazi yote ikamwangukia mama. Alifanya bila kulalamika, lakini siku moja samaki akaanza kuogelea upande, tumbo limetuna.

"Mama, umempa nini?"

Akanitazama kama mtu aliyeshikwa. "Alikuwa ananiangalia. Nilimpa kidogo. Ya makande."

"Makande?"

"Punje mbili, mwanangu, huko ni kumdanganya mtu."

Tulimfungisha siku tatu. Siku ya pili mama alikuja mara sita kuniuliza kama bado haruhusiwi kula. Siku ya nne tumbo lilirudi, na tangu hapo alihesabu punje kwenye kiganja chake kama anagawa vidonge.

Mwezi wa sita wa mimba ulipokaribia, usingizi ulinikimbia. Ndio muda ambao zile mbili zilitoka. Kila mara mtoto alipotulia tumboni nilimsukuma kidogo kwa vidole ili ajibu, na kila alipopiga teke niliogopa anaushambulia mshono.

Alasiri moja mama alienda kwenye kikao cha akina mama usharikani. Upepo ulikuwa mkali, ukaingia dirishani na kupeperusha kipande cha chandarua tulichofunikia sanduku. Nikawa nakitazama chini na kupanga nimwambie mama akirudi. Kisha nikasikia kitu kimeanguka sakafuni, kama kitambaa kilicholowa. Sanduku likawa tupu.

Nikampigia mama. Simu yake ikalia jikoni.

Samaki alikuwa karibu na mguu wa meza, akijirusha kwenye saruji, vumbi limemganda. Nilisema kwa sauti, "Tulia, tulia," sijui nilikuwa namwambia nani. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nikateleza polepole mpaka magoti yakagusa chini. Nilichovya ncha ya khanga kwenye maji, maana mkono mkavu unamtoa utelezi wake, nikamkunja humo, nikanyoosha mkono na kumwachia majini. Akazama kwa ubavu.

Nilitaka kuinuka, na hapo nikahisi unyevu mapajani.

Sikutazama. Sikuwa na ujasiri wa kutazama. Nilibaki pale chini nimeegemea kitanda, nimeshika tumbo kwa mikono yote miwili, mpaka mama akafungua mlango.

"Umeanguka!"

"Sijaanguka. Samaki ndiye aliyeruka."

Alipiga magoti, akanifunua, akapapasa, akatazama vidole vyake kwenye mwanga wa dirisha. Yalikuwa maji. Maji ya khanga. Akaketi sakafuni kando yangu, kitambaa cha kichwani kimemtoka, akapumua kama mtu aliyepanda mlima wote wa Vudee kwa mguu.

"Kwa ajili ya samaki?" akaniuliza. Sikuwahi kumsikia akinipandishia sauti tangu niolewe. "Unajua nimeomba kiasi gani, wewe? Kwa ajili ya samaki?"

"Nimechoka, mama. Nimechoka kulala nasubiri na mtoto huyu afe."

"Na mimi unadhani nalala?"

Akaniambia kwamba kila usiku alisimama mlangoni kwangu akisikiliza, kwamba alijua nikigeuka, nikikoroma, nikilia. Alijua hata nilivyokuwa nikizungumza na samaki. "Nikisikia unamsemesha samaki," akasema, "ndipo narudi kulala." Tulikaa pale sakafuni muda mrefu, hatukutazamana. Kisha akaniinua kwa kunishika makwapani, taratibu, kama ananitoa kisimani.

Samaki hakufa. Pezi lake la mkia lilichanika vipande viwili, na kwa wiki moja alikaa nyuma ya majani bila kutaka ugomvi na mtu. Baba wa Tanga alisema tubadilishe maji kidogo kila siku, tufifishe mwanga, tuweke jani kavu la mti wa mkungu. Wenzangu wa stendi waliokota majani hayo chini ya mti wanaokaa kivulini mwake na kuniletea mfuko mzima. Maji yakawa rangi ya chai. Mama alishona kifuniko kipya cha chandarua na kukitia mpira pembeni, kama anamshonea mtoto kofia. Pezi likaota tena, la rangi hafifu kidogo kuliko lililobaki.

Mwezi wa sita ukapita. Wa saba. Wiki ya thelathini na saba wakaniondoa mshono, na siku nne baadaye nikajifungua binti, mwenye sauti ya kuita basi. Niliporudi nyumbani nilikuta povu jingi limetanda juu ya maji kwenye pembe moja ya sanduku. Mama alikuwa na wasiwasi kwamba ni ugonjwa. Nilimweleza kwamba dume la beta likiwa na afya hujenga kiota cha povu kwa ajili ya watoto, hata kama jike halipo.

"Maskini," mama akasema, na hakukigusa kile kiota alipobadilisha maji.

Alipanda kurudi Vudee mtoto alipofikisha miezi mitatu. Aliomba amchukue samaki. Nilimkatalia, kwa kuwa baridi ya kule juu ingemuua, na alikubali, ila aliondoka amenuna kidogo.

Nilirudi stendi mapema kuliko nilivyoshauriwa. Samaki aliishi mpaka binti yangu akaanza kusimama kwa kushika meza na kubandika mdomo kwenye kioo. Kisha rangi ikafifia, akaanza kuiacha punje ya pili, na asubuhi moja nikamkuta amelala chini ya majani, wala hakuinuka nilipopitisha kidole. Nikampigia mama kabla sijamwambia mume wangu. Nilisikia kuku wake nyuma.

"Alikula jana?" akauliza.

"Moja."

"Basi hakulala na njaa," akasema mama, na akaniuliza kama mtoto ameamka.