Ukuta Wenye Tumbo

Mimi na kalamu hatukujuana mapema. Shule niliiacha darasa la tatu nikaingia Marikiti kuchukua magunia. Kutoka magunia nikaenda kubebea mafundi mawe, na kutoka mawe nikawa fundi mwenyewe. Hakuna aliyenifunza, kazi niliiiba kwa macho. Nyumba ninayokaa Mji wa Kale niliinunua kwa mikono hii, na binti yangu nimemsomesha kwa mikono hii hii. Nayasema mapema ili msomi asije akanidharau katikati.

Nyumba hiyo ina ukuta mmoja wenye tumbo. Ni ukuta wa nyuma, wa mawe ya matumbawe na chokaa, unaotazama ua wa jirani yangu. Jirani ni mjane, mwanamke mtu mzima, akaangaye mahamri ya kuuza kila alfajiri, na jiko lake liko chini ya ukuta huo. Tumekaa hivyo miaka mingi bila neno. Mwaka jana, masika yakikaribia, akanisimamisha njiani.

"Fundi, ukuta wako wanijia."

"Ulikuwa hivyo tangu nilipoununua."

"Na mimi nilikuwa mwembamba uliponijua. Vitu huongezeka."

Nikamwambia timazi yangu haisemi hivyo. Kwa kweli timazi sikuwa nimeitundika pale siku nyingi. Sikutaka kujua.

Binti yangu akasikia maneno hayo. Yeye hufanya kazi karakana moja huko Tononoka, ya watu wanaotengeneza roboti. Jumamosi akaja na kigari cha magurudumu manne, kidogo, waweza kukipakata. Juu yake pana kichwa mfano wa kopo la maziwa ya unga, nacho chazunguka. Wenyewe wakiita laida. Akanieleza: kichwa hutoa miale isiyoonekana kwa macho, mwale ukigonga ukuta hurudi, na kwa muda wa kwenda na kurudi mashine hujua ukuta uko mbali kiasi gani. Kila mwale ni nukta moja, na nukta humiminika kwenye kompyuta yake kama maji ya mfereji, maelfu kwa maelfu, hata ukuta mzima ukajichora.

"Na nani akiamuru kizunguke?"

"Mimi, baba. Kwa Python. Ni lugha ya kuandikia amri."

"Nionyeshe."

Akaandika mstari mmoja, kichwa kikapunguza mwendo. Akaandika mwingine, kikaenda mbio. Nilikipenda pale pale. Vibarua wangu hawajapata kunitii namna ile.

Lakini ua si wangu. Jirani alikubali kupimiwa, ila mimi nibaki nje barazani mpaka aniite, na mashine nayo aliisaili kama anavyosaili mtu anayekuja kuposa. Mlango ulikuwa wazi, nikawasikia.

"Hicho kichwa chaona?"

"Chaona umbali tu, bi mkubwa. Hakipigi picha."

"Na mimi nikipita?"

"Utaonekana kama nukta."

"Nukta za umbo langu ni umbo langu. Hapa uani sivai buibui, mwanangu."

Binti akaandika mstari wa kukifunga kichwa kisipokee chochote ila upande wa ukuta, nyuma kote kiwe kipofu. Jirani akataka ushahidi. Nikamsikia akitembea huku na huku.

"Nimo?"

"Humo."

"Na hapa?"

"Hapo umo, bi mkubwa."

"Basi nichoree mpaka nisije nikauvuka."

Akachorewa kwa chaki. Ndipo ukuta ukapimwa. Binti akakwangua alama nne sakafuni, magurudumu yapate kurudi pale pale, akakifungua kichwa kidogo, jirani akiwa ndani, akachukua na ukingo wa kisima cha uani na miimo ya mlango kuwa mashahidi, kwa kuwa hivyo havitembei. Alisema kipimo kimoja hakimwambii kitu. Atarudi masika yakiisha apime tena, aweke ukuta wa pili juu ya wa kwanza, na penye tofauti ndipo palipotembea. Ukitembea, jiko liondoke na ukuta uvunjwe. Usipotembea, bi mkubwa akaange mahamri yake kwa amani.

Hilo nililielewa vizuri. Na ndilo lililonitia wasiwasi.

Masika yakaja, na maji yakafungua ufa. Ulikuwa unywele, ukawa unaingiza ncha ya mwiko, kutoka kwenye boriti mpaka chini ya tumbo. Kila asubuhi nilikwenda kuuchungulia kwenye dirisha langu la juu. Jirani wakati huo alikuwa Likoni kumuuguza dada yake, na ufunguo kaniachia mimi, kama desturi yetu kila akivuka Feri. Akirudi alikuwa asomeshe maulidi pale uani. Wanawake wa mtaa mzima wangekaa mikekani wakiutazama ukuta wangu, na nusu yao nimewajengea nyumba zao. Fundi mwenye ufa ukutani kwake ni kinyozi mwenye chawa.

Nikaingia na mwiko. Ufa nikauziba kwa simiti, kisha nikapiga lipu ukuta mzima. Tumbo nalijua namna ya kulificha: huligusi, unajaza pembeni yake mpaka lipotee. Pembeni niliweka lipu ya vidole viwili. Juu ya tumbo lenyewe sikuweka hata unene wa ganda la yai. Mwisho nikapaka chokaa kote, na kwa kuwa chokaa hupakwa kila mwaka, hakuna aliyeuliza. Ukuta ukanyooka kama karatasi. Maulidi yakasomwa, nikasifiwa, na sifa zenyewe sikuzifurahia hata siku moja.

Binti akarudi na kigari chake. Akaingia uani, akautazama ukuta.

"Umepaka chokaa, baba?"

"Nimepaka."

Sikusema uongo. Na ukweli nao sikuusema.

Akaanza kupima, na mimi barazani sikuweza kukaa. Nikaenda hadi Marikiti bila haja ya kitu, nikashika nazi, nikaiweka, nikaambiwa mzee, kama hununui, washikia nini? Nikarudi. Bado wanapima. Nikazunguka mtaa, nikarudi. Sasa ndani ilitoka sauti ya binti akisema, "Si kweli. Haiwezi kuwa kweli." Nikapiga hodi. Jirani akajitanda leso, akanambia nipite.

Kwenye kompyuta ukuta wangu ulikuwa wa rangi. Palipokuja mbele ni pekundu, palipotulia ni samawati.

"Tazama, baba," akasema binti. "Pembeni kote pamekuja mbele karibu vidole viwili. Tumbo limekuja kidole kimoja tu. Ukuta hauendi hivyo. Tumbo ndilo hutangulia."

"Mashine yaumwa?" jirani akauliza.

"Huenda ni mipangilio yangu."

Akaanza kuandika. Akapunguza mwendo wa kichwa. Akakiamuru kipokee mwale wenye nguvu peke yake, kisha mwale wa mwisho peke yake. Akakifungua kione nyuma, jirani akaingia ndani kwanza, ndipo binti akahakiki ukingo wa kisima na miimo ya mlango: havikusogea hata ukucha. Akapima tena, na tena. Nukta zikamiminika, na kila mara ukuta ukajichora vile vile, pembeni vidole viwili, tumboni kidole kimoja. Mtoto huyu hakuwa na kosa hata moja, naye alikuwa akijitafutia kosa mbele yangu, mstari kwa mstari.

Mimi nimesimama nahesabu. Pembeni vidole viwili: hiyo ni lipu yangu, naijua kama kiganja changu. Lakini tumboni? Tumboni sikuweka kitu. Kile kidole kimoja kilitoka wapi?

Hakuna aliyekileta ila ukuta wenyewe.

"Nitazifuta za leo," akasema binti. Sauti ilikuwa imeanguka. "Bi mkubwa, uniwie radhi. Siwezi kusema umetembea wala haukutembea. Nitarudi baada ya vuli."

"Na jiko langu?"

"Likae tu kwa sasa."

Jirani akaitikia kwa kichwa. Akavuta karai lake la kukaangia akaliegemeza pale pale, chini ya tumbo.

"Usifute," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia.

"Nilipiga lipu. Si chokaa tu. Pembeni vidole viwili. Kwenye tumbo sikupiga, nilifuta kwa mwiko tu. Mashine yako nzima, mwanangu. Ondoa lipu yangu, kinachobaki ndicho."

Binti aligeukia kompyuta akaandika, na vidole vyake sasa havikuwa na haraka. Pembeni pote pakageuka samawati. Likabaki tumbo peke yake, jekundu, mfano wa kovu la moto.

"Kidole kimoja," akasema. "Kwa masika mamoja."

Jirani aliutazama ukuta. Kisha akanitazama mimi.

"Wakubwa walituambia ziba ufa usije ukajenga ukuta. Wewe umeziba, na kujenga utajenga."

"Nitajenga."

"Na mimi nilikuwa nikaange mahamri hapa kesho alfajiri."

Nikainama nikashika jiko upande mmoja. Lilikuwa zito, la mawe na udongo, likamwagika jivu miguuni pangu. Binti akashika upande wa pili. Jirani akatuongoza mpaka upande wa kisima, si hapo, hapa, si hapo, na kila alipotugeuza nikageuka.

Siku ya pili yake nikaegesha magogo, nikapanda ngazi kuuvunja ukuta kutoka juu, jiwe kwa jiwe. Vibarua niliwaita wawili lakini tumbo sikumwachia mtu. Binti aliomba ruhusa kazini akaja na kigari. Safari hii hakukiweka kipime na kunyamaza. Alikiacha kimimine nukta bila kukoma, akaandika amri kwamba tumbo likisogea kiasi cha punje ya mchele kompyuta ilie. Nikamuuliza kama kitu hicho kweli kitawahi kuliko masikio yangu. Miaka yote hii nimesikiliza mawe. Jiwe likitaka kuanguka hunena.

"Ukuta huu ulinena, baba," akasema, "wewe ukauziba mdomo."

Vibarua walitazama chini. Mimi nikapanda.

Nilivunja safu tatu. Jua likanipiga kisogoni, vumbi la chokaa likanijaa ndevu, na kila nikigonga nilisubiri mlio. Safu ya nne, jiwe moja likagoma. Lilikuwa limekaa vibaya, nikaona nikilipiga mara moja litatoka na kazi itaenda mbele. Nikainua nyundo. Kompyuta ikalia, mlio mwembamba kama wa mbu.

"Baba, shuka."

"Jiwe hili moja tu."

"Shuka."

Hakuna mtu aliyepata kuniamuru kwenye ngazi. Si tajiri, si msimamizi, si babangu aliyenizaa. Nikaitundika nyundo mkandani, nikashuka, nikaenda kusimama nyuma yake kando ya kisima, nikangoja aniambie lini nitapanda.